Mkono Uliozikwa Kwanza

Ninyi vijana wa chumba cha eksirei mmenikuta mstaafu wa miaka hamsini na kidogo, jambo linalonichekesha mimi peke yangu. Daktari aliitazama damu yangu kwenye hadubini, akaniambia nisiikaribie mashine tena. Basi nimestaafu kabla mvi hazijanienea. Naishi kwa dada yangu hapa Unguja, nala ninachowekewa, na kila mnapokuja kunijulia hali mnaniuliza zamani tulipimaje miale bila vipimo mlivyo navyo. Jibu fupi ni kwamba tulipima kwa mkono. Jibu refu ndilo hili, nalo ni habari ya mkono mmoja, wa kulia, wa mtu aliyenifundisha kazi.

Mtanisamehe Kiswahili changu. Kwetu Mahajanga, pwani ya Wamalagasi, kilikuwa kimebaki kwenye dua, kwenye mizani ya dukani na kwenye majina ya kamba za vyombo vya baharini. Hospitalini tulisema Kifaransa na wakubwa, Kimalagasi na wagonjwa, na mwalimu wangu alipokasirika, Kingazija. Hiki cha kuandikia nimejifunza ukubwani. Kwa hiyo maneno ninayowatilia watu midomoni hapa ni tafsiri yangu; wenyewe waliyasema vizuri zaidi.

Nilifika hospitali ya serikali nikitoka chuo kikuu Ufaransa, ambako nilisomea udaktari mpaka udaktari ukachoka nami. Nilikuwa na cheti cha fizikia, suti ya sufu isiyofaa hata kidogo kwa joto la Mahajanga, na maoni mengi. Chumba cha eksirei, au cha radio kama watu walivyokiita kwa Kifaransa, kilikuwa nyuma ya jiko, kwa sababu nyaya za umeme ziliishia hapo. Picha zetu za mwanzo zote zilinuka vitunguu.

Mwenye chumba alikuwa Fundi Madi. Kwa Wangazija fundi ni mwalimu, hata wa Kurani, na jina hilo alipewa na mji mzima, si na hospitali. Alizaliwa kisiwa kidogo cha Nosy Be, alijifunza kazi jeshini katika vita vikuu vya kwanza, alikuwa mwembamba kama mlingoti, na kofia yake ya kushonwa haikumtoka kichwani. Aliniuliza najua nini kuhusu miale. Nikamweleza mawimbi, nikamweleza chembe, nikamwandikia na hesabu yake kwenye karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Vizuri," akasema. "Sasa tukae gizani."

Tulikaa kwenye benchi, mlango umefungwa, pazia jeusi limeshushwa, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Kiwambo cha siku zile, cha kutazamia miale, kiliwaka mwanga hafifu wa kijani, na jicho linalotoka juani halioni chochote juu yake. Lazima kwanza lisahau jua. Fundi akaniambia mtu akitoka nje haoni kitu humu hata akiwa na digrii. Nikamwambia sina digrii, sikumaliza.

"Basi wewe utaona upesi," akasema, na tangu siku ile akaniita Daktari Nusu.

Kisha akawasha mashine. Swichi na kirekebishaji umeme vilikuwa upande wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kushoto ulishika huko, na wa kulia akauweka mbele ya kiwambo, wazi, vidole vimetanuka. Nikaiona mifupa ya mtu aliye hai ikifunga na kufungua ngumi. Niliyajua yote hayo vitabuni, na bado nilirudi nyuma nikagonga ukuta. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema analiamkia bomba.

Mabomba yale ya kioo, yaliyotoa miale, yalikuwa na hewa kidogo ndani, na hewa hiyo ilibadilika kila siku, hata kila saa. Bomba likilainika, miale hushindwa kupenya: mfupa huonekana mweusi kama masizi, na picha ya nyonga haitoki kabisa. Likiwa gumu, miale hupita kila kitu, mfupa hupauka, na picha huwa kama maji ya mchele. Hapakuwa na kipimo cha kukuambia. Fundi alikuwa anaitafuta rangi fulani katikati, aliyoijua kwenye mfupa wa kidole chake cha shahada, na alipoipata ndipo alipomwita mgonjwa. Alifanya hivyo asubuhi, alifanya hivyo kabla ya kila kifua na kila paja. Mkono wake ulipigwa na miale kuliko wagonjwa wote wa Mahajanga wakiwekwa pamoja.

Ngozi ya mgongo wa mkono ule ilikuwa tayari imekauka na kumeta, na kucha zilikuwa na mifereji. Alikuwa akiupaka mafuta ya nazi. Nilipouliza, alisema kila kazi ina mkono wake. Mchukuzi wa bandarini ana wake, mshonaji ana wake, na huu ndio wa radio. Sisi sote tuliuona, na sisi sote tuliuzoea.

Nilijifunza kwake mambo ambayo chuo hakikuyajua. Kwa mfano, watu wetu wengi huvaa hirizi, na nyingi zimefungwa kwenye kibati au fedha, na madini hutupa kivuli cheupe katikati ya kifua kama risasi ya bunduki. Mimi niliwaamuru wagonjwa wazivue. Hawakuvua, walivaa mashati yao wakaondoka. Fundi hakuamuru. Hirizi haiwekwi mezani wala haitundikwi msumarini, kwa hiyo aliomba aivae yeye kwa dakika hizo, mbele ya macho ya mwenyewe, kisha airudishe shingoni kwake. Siku za Jumatatu, feri ya Katsepy ilipoleta wagonjwa wa ng'ambo ya ghuba, ungemkuta na hirizi nne tano kwa mpigo, kinga za watu wa kila namna. Siku hizo alikuwa mtu aliyekingwa kuliko wote kisiwani, na mkono uko mbele ya bomba.

Nilikuwa nimesoma kwamba Ulaya wamekwisha kuacha kutumia mikono yao. Wanachukua mifupa ya mkono wa maiti, wanaibandika ubaoni, ndiyo wanayoitazama. Nikapendekeza hilo kwa furaha ya mtu aliyesoma. Fundi aliniuliza tu, mifupa ya nani? Katika nchi ile mifupa ina wenyewe. Watu huijengea kuliko wanavyojijengea wao, na hakuna ukoo, wa Kiislamu au wa Kisakalava wenyeji wa pwani, ambao ungemtoa babu yao aje kufanya kazi ya kibarua nyuma ya jiko la hospitali. Tulijaribu mguu wa mbuzi. Ulifaa siku moja, kisha ukaliwa na paka.

Zilikuja glavu zenye madini ya risasi ya kuzuia miale, kutoka Marseille, ngumu kama magome. Daktari mkuu, Mfaransa, mtu mwema aliyependa kutazama kiwambo akiwa mlangoni, alimwagiza azivae. Alizivaa daktari alipokuwapo. Akiondoka alizivua, kwa sababu kumlaza mgonjwa wa nyonga iliyovunjika kunataka vidole vinavyosikia mfupa, na Fundi alisema akimshika mtu na glavu zile, mtu atadhani anakamatwa. Baadaye likaja bomba jipya, lenye waya unaowaka ndani na mita yenye mshale, halibadiliki badiliki. Hakukuwa na haja tena ya kuliamkia. Akaliamkia. Mshale unaweza kusema uongo, alisema, mkono wake hauwezi. Hili ni kosa ambalo mjinga asingeweza kulifanya. Lilihitaji miaka ya ustadi.

Kila kiangazi tulipakia mashine ndogo kwenye meli ya pwani, masanduku kwa masanduku, tukaenda Nosy Be. Andoany, mji wa kisiwa hicho, tulipiga vifua. Dzamandzar, kwenye kiwanda cha sukari, tulipiga mikono na miguu, tukichota umeme wa kiwandani, na taa zikififia kila mtambo ulipovuta pumzi. Huko tulimkuta Tombo, kijana wa Kisakalava aliyenaswa mkono wa kushoto na mtambo. Siku zilikuwa zimepita, mkono umefungwa majani. Picha ilipotoka kwenye dawa niliona ndani ya nyama, mbali na mfupa, vijipovu vyeusi vimejipanga. Hewa ndani ya nyama ni uozo unaotembea. Mkiiona, msingoje picha ya pili. Daktari wa kiwandani akasema mkono ukatwe leo. Tombo akakataa. Ataingiaje kwenye kaburi la wazee wake akiwa amepungua? Watamuuliza mkono ameuacha wapi.

Fundi aliketi naye sakafuni alasiri nzima. Alimwahidi kwamba mkono utaoshwa, utafungwa kitambaa, atapewa ndugu yake aupeleke kaburini ukamngoje. Nakumbuka maneno aliyomalizia nayo: "Mkono ni wako, lakini si wewe. Usiuachie ukuamulie." Tombo akakubali, akapona, akaoa. Kila mwaka tulipofika alikuja kutusalimia na kumtania Fundi kwamba sasa anakata miwa nusu na analala usingizi mzima.

Katika miaka ya vita vya pili filamu haikuja. Tulikwangua mabamba ya zamani ya kioo tukayapaka upya, tukapiga picha zile tu ambazo mtu angekufa bila hizo. Ndipo kwenye fundo la kidole cha shahada cha Fundi pakatokea kidonda kidogo, cha kukauka juu na kutoa majimaji chini. Mafuta ya nazi hayakukiponya, wala dawa ya hospitali. Daktari akakikata kidole. Mwaka uliofuata kikaja kidonda kingine, kwenye ngozi ya kiganja, na safari hii daktari alisema waziwazi: mkono wote, mapema, kabla ugonjwa haujapanda kwapani.

Hapo lazima niwaeleze Ijumaa za mtaa wa Mangarivotra. Fundi na mkewe, Bi Mwanaisha, walikaa huko nyumba ya mabati yenye baraza pana, na baada ya sala ya Ijumaa kila aliyefanya naye kazi alikuwa mgeni wake: mimi, mchukua machela, fundi umeme, mgonjwa aliyekosa feri. Tulizunguka sinia moja la wali na samaki. Fundi ndiye aliyemega nyama ya samaki na kumsogezea kila mtu upande wake, kama mwenye nyumba anavyofanya. Alifanya hivyo kwa vidole vinne, kisha kwa vidole vinne vilivyofungwa kitambaa. Na alipoambiwa mkono wote, hakulia maumivu wala kazi. Aliuliza tu, je, atatia mkono wa kushoto kwenye sinia la watu?

Nilimwambia kuna vijiko. Akanitazama kama nilivyostahili.

Miezi ikapita. Kila nilipomwona aliniambia wiki ijayo. Mimi ndiye niliyepiga picha za mkono ule, na kila picha mfupa ulikuwa umeliwa kidogo zaidi ukingoni, kama mkate uliokutwa na panya. Nilimwonyesha. Aliusoma bila kosa, kana kwamba ni mkono wa mtu wa Katsepy. Siku moja kwenye baraza lake, hasira zikanishinda, nikamkumbusha Dzamandzar.

"Fundi, ulimwambia Tombo kwamba mkono si yeye."

"Nilimwambia kweli."

"Basi?"

"Wa Tombo ulikuwa wa kushoto."

Bi Mwanaisha alikuwa akichambua mchele mlangoni, nasi tulidhani hasikilizi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kumaliza kazi iliyo mkononi kabla ya kujibu. Akamaliza kupepeta, akaweka ungo chini.

"Mimi ninao wa kulia," akamwambia mumewe. "Unatosha watu wawili."

Hakupunguza sauti kwa ajili yangu, wala hakurudia. Asubuhi yake Fundi alikuja hospitali na nguo zake ndani ya mkeka.

Mkono ulikatwa begani, na daktari alipofungua alikuta tezi za kwapa zimekwisha kuvimba. Aliziondoa alizoziona. Aliniambia mimi hayo ukumbini, kwa Kifaransa, haraka haraka, kama mtu anayekabidhi mzigo. Hospitali ilikuwa na tanuri kwa vitu vilivyokatwa. Niliomba mkono nikapewa. Tukauosha, tukaufunga kitambaa cheupe, tukaenda makaburini, mimi na mchukua machela. Mchimba kaburi hakuwa na kipimo cha mkono. Alifikiri, kisha akatupeleka upande wa watoto wachanga, akachimba huko kaburi fupi, la kina. Hatukuusalia, kwa kuwa mwenyewe yu hai. Akauliza auelekezeje. Tukakubaliana kiganja kitazame kibla.

Fundi alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo: mkono umeelekezwa wapi. Nilipomjibu alifumba macho akasema vizuri.

Ijumaa za Mangarivotra zilikwisha. Baada ya muda walihamia Nosy Be, nyumba ya baba yake Andoany, na huko alikula nyuma ya pazia, yeye na mkewe tu, mkewe akimega tonge moja lake na moja la mumewe. Wageni walipewa sinia lao barazani. Aliwasemesha akiwa ndani, akawatania kwa majina, na kila aliyekula alijua nafasi ya mwenye nyumba iko wazi.

Chumba cha radio nilibaki nacho mimi. Sikuliamkia bomba hata siku moja, nilitazama mshale. Wagonjwa waliniambia mimi ni mwepesi kuliko Fundi, nao hawakukusudia sifa.

Kiangazi kilichofuata nilifika Andoany na masanduku yangu. Fundi alikuwa na kikohozi kikavu na amepungua sana. Aliomba nimpige kifua. Nilimpiga akiwa amesimama, mkono mmoja nyongani, na bega la kulia likatoka kwenye picha kama mlima ulioporomoka. Akakataa kwenda nyumbani kungoja. Nikaleta filamu dirishani ikiwa bado inadondosha maji.

"Umepiga ngumu kidogo," akasema. "Mbavu zimepauka."

"Ndiyo, Fundi."

"Lakini haya yanaonekana." Akayafuata kwa kidole, yale madoa ya duara, meupe, pande zote mbili, makubwa kama sarafu na madogo kama choroko. "Mgonjwa mwingine ungemwambia nini?"

"Ningemwambia daktari atamweleza."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, nikamshikilia. Alipotulia akasema ndivyo alivyonifundisha, na alinifundisha vibaya. Mtu asingojeshwe hivyo na filamu yake iko palepale. "Niambie wewe."

Nikamwambia. Nilisema ugonjwa umetoka mkononi umefika mapafuni, umeenea, haukatwi. Nilisema kwa Kingazija changu kibovu, nisije nikajificha kwenye Kifaransa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Ahsante, Daktari Nusu," akasema. "Sasa nifungie vifungo vya shati, Mwanaisha asijue nimechelewa kwa nini."

Bi Mwanaisha alijua kabla hatujaketi barazani.

Nilitafuta visingizio vya kubaki Nosy Be, na mashine ikanisaidia kwa kuharibika kweli. Nilikuwapo alipokufa, na niliingia kusaidia kumwosha. Mwoshaji, mzee wa Andoany, alianza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Akafika begani, akasita, maji yako kwenye kata. Kisha akayamimina pale bega lilipoishia, taratibu, yakashuka njia ambayo mkono ungeshuka, akarudia tena kama ilivyo sunna. Kabla ya sala imamu akauliza kama ule mkono ulisaliwa. Nikasema hapana, mwenyewe alikuwa hai. Akafikiri, akawageukia watu akasema waweke nia ya mwili wote, uliopo hapa na ulioko Mahajanga. Tukamsalia hivyo.

Jioni Bi Mwanaisha aliletewa chakula, akajilazimisha. Alimega tonge, akala. Akamega la pili, akalinyanyua, mkono ukabaki hewani. Mwishowe akalirudisha sahanini, akanawa.

Mtaniuliza, kwa kuwa ninyi ni watu wa vipimo, ni lini hasa angeokoka: angekata mapema vile daktari alivyosema, angevaa glavu, angeuamini mshale? Sijui. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na haijawahi kutoka sawa. Ninachojua ni kwamba filamu za kupimia miale mnazobandika vifuani, mnazozisahau kwenye makoti yenu na kuzicheka, kabla yenu kazi yake ilifanywa na mkono wa mtu. Zivaeni.

Niliporudi Mahajanga nilikwenda makaburini kabla ya kupita nyumbani. Nilidhani kuna mtu anapaswa kupeleka habari, ingawa sikujua kwa nani. Upande wa watoto nyasi zilikuwa zimepanda. Nililitafuta lile kaburi fupi, nikalipata, nikaketi nikasoma Fatiha. Karibu yangu mwanamke mmoja alikuwa ameinama akipalilia kaburi la mtoto wake kwa kisu cha jikoni. Akaniuliza kwa Kimalagasi, kwa upole wa mtu wa msiba mmoja, kama huyu ni mwanangu.

Nikamwambia ni mwalimu wangu.

Akautazama urefu wa kaburi, akanitazama mimi. Alisogea kidogo, akaanza kunipalilia upande wangu.